Ramani ya mbao ya Ziwa Kivu, tabaka juu ya tabaka: uzoefu wangu na fundi wa Kadutu

Nina mgahawa mdogo hapa Nguba, Bukavu, na chakula kinachotuletea wateja ni sambaza. Kila mgeni huuliza samaki hawa wanavuliwa wapi, nami nilichoka kuonyesha kwa mkono kupitia dirishani. Ndipo nikaagiza ramani ya ziwa zima ya mbao, yenye vilindi na milima unayoweza kuishika. Iko ukutani mwezi wa tano sasa.

Fundi ana karakana Kadutu, upande mwingine wa mji wetu. Riziki yake ni vitanda na makabati. Ramani alikuwa ametengeneza mbili tu kabla ya yangu. Tulikubaliana dola 180, nusu siku ile ile, nusu siku ya kuchukua. Ukubwa ni sentimita 65 kwa 48, na kila sentimita ni kilomita mbili.

Kabla ya kugusa msumeno alinikalisha kwenye benchi tukapiga hesabu pamoja, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Ziwa letu lina kina cha mita 485 hivi pale linapozama zaidi, upande wa kaskazini. Akatumia mbao nyembamba za triplex za milimita nne, kila tabaka likiwa mita 100 za maji. Zikatoka tabaka tano zenye tundu, tundu likizidi kuwa dogo kadiri unavyoshuka, na ubao wa sita ni sakafu. Nchi kavu akaipa mita 200 kwa tabaka, maana kwa kipimo cha maji volkano ya Nyiragongo, yenye mita 3,470, ingesimama kama chupa. Kutoka usawa wa ziwa, mita 1,460, unahesabu tabaka kumi hadi kileleni. Wapo watakaosema vipimo viwili kwenye ramani moja ni kosa. Mimi nilikubali kwa sababu alinieleza mapema, na ameviandika vyote viwili pembeni mwa ramani.

Alichapisha mistari ya mwinuko kwenye karatasi, akabandika kila karatasi juu ya ubao wake, akakata kwa msumeno wa mkono wenye meno membamba kama uzi. Umeme ukikatika, kazi iliendelea. Nilimkuta siku moja akikata kisiwa cha Idjwi: alikuwa anauzungusha ubao na kuuacha msumeno pale pale, unga wa mbao akiupuliza kwa mdomo kila baada ya nukta chache ili mstari usimpotee. Mimi nilitaka maji yapakwe rangi ya buluu ya mafuta. Alikataa kwa adabu: “Mama, ukipaka ile, mbao inakufa.” Akatumia rangi nyepesi inayopenya, nzito kidogo kwa kila tabaka la chini, na mishipa ya mbao bado inaonekana. Alikuwa na haki.

Sasa matatizo. Aliniahidi wiki tatu, zikawa saba. Fremu ya kwanza aliikata kwenye mbao ya libuyu ambayo haikuwa imekauka; wiki mbili tu ikajikunja, kona moja ikaachana na ukuta kwa upana wa kidole. Alitengeneza nyingine bila kunidai hata franka moja, ila ilinibidi niende Kadutu mara tatu. Ukiagiza, muulize mbao imekaa kivulini muda gani.

Kitu ambacho sikukitegemea ni jinsi ilivyonifundisha ziwa ninalolitazama tangu utoto. Hapa mbele ya Bukavu kina ni mita 100 hivi, kwa hiyo fundi alitoboa tabaka moja tu. Ukipeleka kidole kaskazini, ukaipita Idjwi, kinashuka ngazi moja, ya pili, ya tatu, mpaka kinapotelea ndani. Halafu kule juu unakutana na ukuta wa volkano. Zamani maji ya huku yalitiririka kaskazini. Volkano ndizo zilizofunga njia, na leo maji ya ziwa lote yanatoka kupitia kwetu, kwenye mto Ruzizi. Kwenye ramani ni mfereji mwembamba uliochongwa kwa patasi. Nimeshawaonyesha watoto wangu mara nyingi, na bado nasisimka.

Wavuvi wanaoniuzia sambaza walikuja kuiangalia asubuhi moja, nguo bado zina unyevu wa usiku. Mmoja akaweka ukucha kaskazini-magharibi, akatikisa kichwa. “Mama, fundi amefunga mulango ya Kabuno. Tutapita wapi?” Kweli. Ghuba ya Kabuno inaungana na ziwa kwa upenyo mdogo usio na kina, na kwa kipimo hiki ni mwembamba sana. Gundi ilikuwa imeuziba. Nilimpigia fundi simu, akaja mwenyewe na patasi ndogo na kipande cha msasa, akafungua kwa nusu saa huku yule mvuvi akimwelekeza. Wakaanza kubishana kuhusu ghuba za Kalehe, nikawaletea chai.

Ramani ni nzito, kwa hiyo usiitundike kwa msumari mmoja. Yangu imeshikwa na skrubu nne zilizoingia kwenye tofali. Vumbi hukaa kwenye ngazi, nami hulitoa kwa brashi laini kila Jumamosi. Na iwe mbali na moshi wa jikoni: nimeshaihamisha ukuta mara moja, baada ya vanishi kuanza kunata juu ya Goma.