MikroTik CRS326 kama ruta ya BGP hapa Kigoma: iko poa, ila usiibebeshe intaneti yote

Wakuu, kama unaendesha mtandao mdogo mkoani na unataka laini mbili za intaneti zipokezane zenyewe kwa BGP (lugha ambayo ruta za mitandao tofauti zinaambiana njia za kufikia IP) bila mtu kuamshwa usiku, iangalie hii swichi ya MikroTik, CRS326-24G-2S+. Hapa Kigoma mjini imekaa kati ya laini ya faiba na laini ya maikrowevu na mimi naikubali kabisa.

Cha kwanza nilichokipenda wala sio BGP, ni umeme. Inakula DC kuanzia volti 10 mpaka 30 kwahiyo unaifunga kwenye betri za sola bila inveta, af haina feni, na kwa vumbi la kiangazi la kule Mwandiga feni ndio inatangulia kufa.

Haya tuje kwenye BGP. Namba ya AS (inayotambulisha mtandao wako kwenye BGP) unaomba AFRINIC, wale wa Mauritius wanaogawa namba hizo na IP kwa Afrika, na IP uwe na angalau /24 (anwani 256) maana ukitangaza kipande kidogo zaidi ya hapo mitandao mingi duniani inakitupa. Usishangae ukipewa namba ya tarakimu sita, hizi namba zilipanuliwa kutoka biti 16 kwenda 32 tangu 2007 na RouterOS, mfumo endeshi wa MikroTik, inazielewa vizuri tu. Unayefanyia mazoezi mezani tumia 64512 mpaka 65534, hizo ni za matumizi ya ndani.

Mliozoea RouterOS 6 mtahangaika kidogo kwenye 7, menyu ya BGP imepangwa upya na filta (kanuni za kuchuja ruti, yaani njia za mtandao) sasa zinaandikwa kwa masharti ya if. Ila kuna kitu nimekipenda sana: ruti ikipita filta yote bila kukutana na accept, inakataliwa. Hiyo inakukinga usije ukachukua ruti za mtoa huduma huyu ukampelekea yule, trafiki ya watu wa Dar ikaanza kuzunguka Kigoma, laini zikajaa na simu zikaanza kumiminika. Lakini filta lazima uiweke mwenyewe, ukiacha wazi kila kitu kinapita.

Sehemu inayowatesa wengi ni kutangaza IP zako. Unaweza kuona sesheni ya BGP imeunganika, established kabisa, halafu jirani (mwenye ruta ya upande wa pili) anakwambia hajapokea kitu. Kuiweka /24 yako kwenye address-list (orodha ya anwani) peke yake haitoshi, lazima ruti hiyo iwepo pia kwenye jedwali la swichi, kwahiyo ongeza ruti ya blackhole (inayotupa pakiti zisizo na pa kwenda) ya hiyo /24 na muda huohuo inatoka. Ikitoka bado isionekane duniani, mbane mtoa huduma aangalie filta zake, sisi mmoja alituzungusha sana kwenye hilo na tatizo lilikuwa upande wake.

Kuhusu kupokezana: faiba nimeipa local-pref (kipaumbele cha njia ya kutokea, kubwa ndio inashinda) 200, maikrowevu imebaki na 100 ya kawaida, na upande wa maikrowevu nimerudia namba yetu ya AS mara kadhaa ili trafiki inayorudi nayo ipendelee faiba. Hold time ya RouterOS (muda wa kumsubiri jirani aliyenyamaza kabla ya kuhesabu laini imekufa) ni dakika 3, ambayo kwa mteja aliyeko katikati ya malipo ni milele, ishushe mpaka sekunde 30, BGP yenyewe inachukua ile ndogo kati ya zenu mbili.

Na kama unafanya haya ukiwa mbali, tuseme swichi iko Kasulu na wewe uko Ujiji, bonyeza kwanza Ctrl+X uingie Safe Mode. Ukijifungia nje kwa bahati mbaya inarudisha ilivyokuwa. Hii peke yake inaokoa nauli.

Sasa mipaka yake, na hapa naomba mnisikilize. RAM ni MB 512, na jedwali zima la intaneti sasa hivi ni kama ruti milioni moja za IPv4, haliingii hata kwa dawa. Waombe watoa huduma wakupe ruti ya default tu (njia moja ya kupitishia kila kitu), filta ikubali 0.0.0.0/0 basi. Halafu washa L3HW ili chipu ya swichi ndio isukume pakiti, ukiiachia prosesa ya MHz 800 itachoka mapema sana. NAT (wateja wengi kutumia IP moja ya nje) usiiweke humu, chipu yake haiibebi, tafuta kifaa kingine nyuma yake.

Kwa bei ya kama dola 200 kabla ya usafiri naipa nyota nne. Ukiona unahitaji jedwali zima, jipange ununue CCR2004 yenye RAM ya GB 4 na hii ibaki kugawa laini za wateja.