Mazoezi ya MRI kwa mtoto wa miaka mitano: nyota 4 kati ya 5

Nyota moja nimeizuia. Sababu nitaieleza huko chini, maana bado inanikera.

Binti yangu ana miaka mitano. Alianza kuzubaa: unaongea naye, ghafla macho yanaganda, kope zinachezacheza sekunde kadhaa, halafu anaendelea na sentensi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Akapimwa umeme wa ubongo, kisha daktari akataka na picha ya MRI. Akatupa njia mbili: nusu kaputi, au ajaribu akiwa macho, kwa sharti kwamba kwanza apitie mazoezi kwa mtaalamu wa michezo wa wodi ya watoto, yaani anayewaandaa watoto kwa vipimo kwa njia ya kucheza. Ninachokitolea maoni hapa ni hayo mazoezi, pamoja na siku ya picha yenyewe.

MRI haitumii mionzi kama eksirei au CT. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, ingawa mlangoni bado pameandikwa idara ya mionzi. Haiumi. Kazi iko kwenye kutulia. Picha hazitoki kwa mkupuo mmoja kama za simu. Zinakusanywa kwa mafungu, kila fungu dakika kadhaa, na kichwa kikisogea fungu zima linatoka na ukungu na kurudiwa. Sasa mwambie mtoto wa miaka mitano alale kama gogo nusu saa nzima ndani ya bomba linalopiga kelele. Ndiyo maana watoto wengi wa umri huo hulazwa kwa dawa, na sioni aibu yoyote kwa mzazi aliyechagua hivyo. Mimi niliona nijaribu kumwepusha na kufunga kula kwa muda wa saa 6, na kuamka akiwa amevurugika kwa dawa.

Mtaalamu hakuanza na mashine. Alikaa chini sakafuni, akamuuliza, "Umeambiwa utakuja kufanya nini?"

Mwanangu akajibu taratibu, "Watanipiga kichwani."

Nilitamani ardhi inimeze. Wiki nzima nilikuwa nikimwambia "utapigwa picha ya kichwa," yeye akaishika ile "utapigwa" na kuibeba kimya kimya hadi siku ile. Ndiyo maana usiku alikuwa akija kitandani kwetu. Yule dada hakucheka wala kunitupia jicho. Alisema tu, "Hakuna wa kukupiga. Kuna mashine inachora. Inataka kuchora kilichomo humu ndani, lakini inachora polepole sana, na ukitikisika inakosea." Kuanzia hapo neno likawa kuchora. Kwa sentensi hiyo peke yake, huduma hii ilikuwa imeshajilipa.

Kisha akatoa mashine ya mfano, bomba la kitanda kinachosogea, lisilo na sumaku ndani. Dubu wa binti yangu ndiye aliyetangulia kulala. Akavishwa kile kizimba cha plastiki kinachofunika kichwa, chenye kioo kidogo juu ya macho kinachomwezesha aliyelala kuona nje upande wa miguuni. Binti yangu alichungulia, akaona uso wa dubu kwenye kioo, akataka zamu yake. Hakuna aliyemsukuma.

Sauti zilikuja mwisho, kutoka kwenye spika, kwanza chini, kisha zikipandishwa kidogo kidogo. Kilichomo ndani ya MRI ni koili za umeme zinazowashwa na kuzimwa kwa kasi karibu na ile sumaku, zinatikisika, na kutikisika huko ndiko kelele zenyewe; zinaweza kupita desibeli 100, kwa hiyo vizibo vya masikio na hedifoni ni lazima. Mtoto aliachiwa kazi ya kuzipa majina. Ile ya ngo-ngo-ngo akaiita Mgeni. Ile ya mvumo mrefu, Nyuki Mkubwa. Moja iliyokwaruza kwa vishindo aliiita Punda Anakohoa, na hadi leo sina jina zuri zaidi la kuipa.

Halafu likaja somo nisilolitarajia: ukimya. Kati ya fungu na fungu mashine hunyamaza, na watoto wengi hapo ndipo wanapoinuka wakidhani imekwisha. Walicheza sanamu, sauti inakuja, inakatika, sanamu bado sanamu. "Kimya si mwisho," akamfundisha. "Mwisho ni kitanda kikitoka." Walirudia mpaka mtoto akaanza kumkemea dubu.

Tulipewa rekodi ya sauti hizo tukafanye mazoezi nyumbani. Mimi ni fundi cherehani, kelele za mashine binti yangu kazizoea tangu tumboni. Nilimlaza chini ya meza ya kukatia, rekodi ikilia na cherehani ikinguruma juu yake, nikishika saa. Siku ya kwanza dakika mbili. Siku ya nne alifika kumi na mbili, kisha akasinzia, jambo ambalo sikujua kama nilihesabu ushindi au la.

Siku yenyewe walinihoji mimi kuliko yeye, kwa kuwa niliomba kuingia naye. Kuna chuma mwilini? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Jicho limewahi kuingiwa na kipande cha chuma? Nikasema hapana, hapana, hapana, nikijiamini. Mhudumu akaniomba nijipapase tena. Nikageuza kola ya gauni: pini mbili. Fundi yeyote atanielewa, pini tunazichomeka popote na kuzisahau. Sumaku ile haizimwi hata chumba kikiwa kitupu, kwa hiyo pini yangu ingekuwa mshale. Sidiria yenye waya nayo ilibaki kwenye kabati. Fulana ya binti yangu yenye maandishi ya kung'aa ikavuliwa pia, kwa sababu baadhi ya hizo nakshi zina madini. Hapo palikuwa na machozi, ya fulana, si ya mashine. Barua ilisema "asivae chuma" na ikaishia hapo. Nani anafikiria fulana?

Ndani, alipewa kipira cha kubonyeza akimhitaji mtu. Nilishika kisigino chake. Mgeni akaja, Nyuki akaja, kimya, na kupitia kile kioo nikaona macho yake yakinitazama bila kichwa kusogea. Fungu la nne alikohoa. Mhudumu akasema kwenye hedifoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mashine imechora vibaya hapo, inaomba irudie," na wakarudia. Hakuambiwa kwamba yeye ndiye aliyekosea. Huo nao ni ufundi.

Sasa ile nyota.

Baada ya karibu nusu saa kitanda kikatoka. Alijua maana yake: mwisho. Kumbe daktari wa picha alikuwa amezitazama na kutaka nyingine chache zenye dawa ya kung'arisha, ile yenye gadolini inayopitishwa kwenye mshipa. Maana yake kanula, kimrija kinachochomekwa mshipani kwa sindano na kubaki hapo. Na usiku uliotangulia mwanangu aliniuliza kama kuna sindano, nami nikamwambia, naapa, hakuna. Barua haikutaja sindano, fomu haikutaja, kwenye mazoezi hakuna aliyeitaja. Krimu ya ganzi, inayotaka karibu saa nzima kushika, hakuna aliyempaka. Wakatumia ile ya kupuliza, ya baridi.

Hakulia sana. Ningependelea alie. Alinitazama tu, kisha akamtazama yule mhudumu, akamuuliza yeye, si mimi, "Utaitoa lini?" Akajibiwa ukweli: baada ya mchoro mmoja wa mwisho. Alirudi ndani akalala sanamu kwa ajili ya yule aliyemwambia ukweli. Mimi nilishika kisigino kama kawaida, kikaniponyoka.

Nasema wazi: dawa ile ilikuwa na sababu, sina ugomvi na daktari aliyeiomba. Ugomvi wangu ni kwamba huduma nzima iliyojengwa juu ya kutomshtua mtoto iliacha pengo hapo hapo panapouma. "Huenda" moja kwenye barua ingetosha. Ningemwambia sijui, nitauliza, na angekuwa amepakwa krimu tangu asubuhi, ikihitajika isihitajike.

Majibu yalitoka, hayo ni ya kwetu nyumbani. Kwa wanaojiandaa: mazoezi yachukueni, hata kama mwishowe mtoto atapewa nusu kaputi, maana ile hofu ya "kupigwa" ingebaki naye hata akilazwa. Msiende na mtoto aliyechoka. Dubu awe wa kitambaa kitupu, asiye na betri wala kengele ndani, la sivyo ataishia kabatini na sidiria yangu.

Malalamiko niliyaandika kwenye fomu ya maoni nikijua yatakwenda kapuni. Baada ya siku chache yule dada wa mazoezi akanipigia, akaniuliza kama ningekuwa ndiye mwandishi wa ile barua ningeandika nini. Nikamwambia: "Huenda sindano ikahitajika siku hiyo. Tuulize kabla hujamjibu mtoto." Akasema anaandika. Barua yako ikija bila maneno hayo, wapigie wewe uwaulize, na uwaulize na krimu.