Programu nzuri, huduma kwa wateja mbovu: tathmini ya programu ya kutengenezea muziki

Programu ninayoizungumzia hapa nimeitumia kwa miaka kadhaa kurekodi waimbaji, kupanga midundo na kuchanganya nyimbo hadi hatua ya mwisho. Jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja, kwa sababu utaratibu wake wa kuwahudumia wateja unafanana na ule wa kampuni nyingine nyingi za fani hii, na ningependa msomaji aupime utaratibu wenyewe badala ya kuishia kwenye jina.

Kwa upande wa utendaji sina malalamiko. Sehemu ya kuhariri noti ni nyepesi, plagini za VST3 (programu ndogo za ziada za ala na za kurekebisha sauti) zinafunguka bila kusumbua, na hata mradi wenye traki nyingi za ala na sauti unachezwa bila kukatakata iwapo bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza) imewekwa kwenye sampuli 256, yaani vipande vidogo vya sauti, au zaidi. Sauti inayotoka ni safi, na kazi niliyoikamilisha ndani yake sijawahi kuionea haya mbele ya mteja. Lau ningeandika tathmini hii kabla diski ya kompyuta yangu haijafa, ningeisifu programu hii tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Huduma kwa wateja si jambo la kuweka pembeni unapopima programu ya aina hii. Aliyenunua kinanda dukani, akishakifikisha nyumbani, muuzaji hana tena njia ya kumzuia asikipige. Programu yenye leseni inayothibitishwa kwa mtandao haiko hivyo. Inapowashwa kwa mara ya kwanza husoma alama za vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, kama vile ubao mama na diski kuu, kisha hutengeneza utambulisho unaohifadhiwa kwenye seva ya mtengenezaji. Ukibadilisha kimojawapo cha vifaa hivyo, kompyuta ile ile uliyoizoea yaweza kuhesabiwa kuwa ngeni. Kwa hiyo uwezo wa kuifungua programu uliyoilipia hubaki mikononi mwa kampuni, na siku kumbukumbu za seva zinapotofautiana na hali halisi, anayeweza kukusaidia ni yule tu anayesoma barua za wateja. Ndiyo maana nasema dawati la huduma ni sehemu ya bidhaa, sawa na kichanganyio au kihariri cha noti.

Leseni ya programu hii inaruhusu kompyuta mbili. Ili kuiondoa moja kwenye orodha, ni lazima uifungue programu ndani ya kompyuta hiyo hiyo na ubonyeze kitufe cha kufuta usajili. Kwenye ukurasa wa akaunti ya mteja kitufe hicho hakipo. Waliobuni utaratibu huu hawakumfikiria mtu ambaye diski yake imekufa au ambaye kompyuta yake imeibwa, ingawa hayo ni mambo yanayowapata watu kila siku. Nilipoweka diski mpya na kusakinisha programu upya, nilipata ujumbe kwamba idadi ya kompyuta imefikia kikomo na kwamba niwasiliane na huduma kwa wateja. Nakala za miradi yangu zilikuwa salama kwenye diski ya akiba, lakini ziliweza kufunguliwa katika hali ya majaribio tu, ambayo haimruhusu mtumiaji kuhifadhi chochote.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na namba ya leseni, namba ya risiti, maelezo kwamba diski ya zamani haiwashiki tena, na ombi moja: nafasi iliyokuwa imeshikwa na diski hiyo iachiliwe. Baada ya jibu la kujiendesha lililonipa namba ya tiketi, likaja jibu la mhudumu likinitaka niondoe programu na kuisakinisha upya, nifute orodha ya plagini ili zikaguliwe tena, niiwashe kwa mamlaka ya msimamizi, na kisha nisasishe draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayoweza kugusa orodha ya kompyuta iliyo kwenye seva yao. Nilijibu kwa upole na kuambatisha picha ya ule ujumbe wa kikomo. Mhudumu wa pili alinishukuru kwa uvumilivu wangu, akaomba faili linaloandikwa programu inapoanguka, yaani inapojizima ghafla, ilhali programu haikuwa imeanguka wala sikuwa nimesema kwamba imeanguka. Wa tatu alinielekeza nikaifungue programu kwenye diski ya zamani ili nibonyeze kile kitufe.

Kisha tiketi ikafungwa. Iliandikwa kwamba suala limetatuliwa, kwa sababu sikuwa nimejibu ndani ya muda waliouweka wao, muda ambao uliendelea kuhesabiwa hata siku ambazo ofisi yao imefungwa. Nilipoijibu tiketi iliyofungwa, mfumo ulifungua nyingine yenye namba mpya, isiyo na historia ya ile ya mwanzo, nayo ikapangwa nyuma ya foleni. Hapa ndipo nilipoona ubovu wenyewe ulipo. Wahudumu wote walikuwa na adabu, na siwalaumu wao. Katika kampuni nyingi mhudumu wa ngazi ya kwanza hufanya kazi kwa majibu yaliyoandikwa tayari, hupimwa kwa wepesi wa jibu la kwanza na kwa wingi wa tiketi anazozifunga, na hana ruhusa ya kugusa leseni ya mteja. Aliyepanga kazi iende hivyo ndiye anayepaswa kuulizwa, kwa kuwa hata mhudumu mwenye nia njema kabisa asingeweza kunisaidia kutoka kwenye kiti alichokalishwa.

Mlango ulifunguka nilipobadilisha namna ya kuandika na mahali pa kupeleka barua. Kichwa cha barua mpya kilibeba ombi lenyewe: nafasi moja ya leseni iachiliwe, diski imekufa, usakinishaji hauna tatizo. Mistari ya kwanza ilitaja toleo la programu, mfumo wa kompyuta, namba ya leseni na namba za tiketi zilizotangulia. Ikafuata sentensi moja iliyoeleza kwamba hatua zote za kusakinisha upya zimekwisha kufanyika. Mwishoni nikaomba barua ipelekwe kwa wanaosimamia leseni. Nakala nyingine niliipeleka idara ya mauzo. Mauzo walijibu siku hiyo hiyo na kuisukuma barua mahali inapohusika, na nafasi ikaachiliwa bila swali lingine. Nilifurahi kuipata kazi yangu tena, lakini inaniuma kwamba idara yenye wepesi wa kumsikiliza mteja ni ile inayomtafuta kabla hajalipa.

Mwenye tatizo la hitilafu halisi, mathalani programu inayozima ghafla, ajiandae kwa namna tofauti kidogo. Aanze na mradi mtupu, aweke plagini moja inayoshukiwa, na aandike masafa ya sampuli (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde), ukubwa wa bafa na draiva inayotumika. Baada ya hapo aijaribu plagini hiyo hiyo ndani ya programu ya kampuni nyingine. Ikianguka kote kuwili, kuna kila dalili kwamba kasoro ni ya plagini. Ikianguka upande mmoja tu, ushahidi huo utawazuia watengenezaji wawili wasitupiane mpira huku mteja akisubiri katikati.

Katika muda wote huo wimbo wa mteja haukusimama, kwa sababu nina desturi ya kugeuza kila traki kuwa faili la WAV la biti 24 mara tu upangaji wa ala unapokamilika. Mafaili hayo niliyafungua kwenye REAPER, programu nyingine ya muziki inayotoa siku 60 za majaribio bila kuzima kazi yoyote ya programu, nikaendelea kuchanganya. Leseni ya REAPER ni faili dogo ambalo mnunuzi hulihifadhi mwenyewe na kuliingiza kwenye kompyuta yake, bila kuomba ruhusa ya seva. Ardour nayo ni programu huria ambayo msimbo wake uko wazi. Nazitaja kwa sababu zinathibitisha kwamba kumfunga mteja kwa orodha ya kompyuta ni uamuzi wa mtengenezaji, wala si sharti la ufundi.

Wapo pia waliobadilisha uamuzi wao. Mwaka 2022 kampuni ya Steinberg iliondoa kifunguo cha USB kilichokuwa sharti la kutumia aina za juu za Cubase, programu yake ya muziki, kuanzia toleo la 12. Mwezi Machi 2023 kampuni ya Waves ilitangaza kwamba plagini zake zitapatikana kwa usajili wa kulipia mara kwa mara tu, na baada ya wateja kupinga kwa sauti moja ilirejesha leseni za kudumu katika siku chache. Malalamiko ya watu wengi husikika hivyo. Mwenye diski iliyokufa yuko peke yake na namba yake ya tiketi, na kampuni inayomjali hujulikana kwa jinsi inavyomtendea yeye.

Kuna njia moja ambayo watu huishauri nami siipendekezi kwa haraka, nayo ni kuiomba benki irudishe malipo ya kadi. Baadhi ya kampuni huifunga akaunti nzima ya mteja mara tu malipo yanapopingwa, na leseni nyingine zote zilizomo hufungiwa pamoja nayo. Afadhali kwanza usome masharti ya akaunti, uhifadhi barua zote, na uombe kurejeshewa fedha kwa maandishi.

Kwa anayefikiria kununua programu hii, au nyingine yoyote ya aina yake, ushauri wangu ni kuandikia huduma kwa wateja kabla ya kulipa na kuuliza swali moja: kompyuta ikifa bila kufutwa usajili, nafasi yake inaachiliwa na nani, na kwa muda gani? Mpe mhudumu muda wa kutosha ajibu, kisha tazama kama jibu limelenga swali lenyewe. Angalia vilevile kama ukurasa wa akaunti una kitufe cha kufuta kompyuta iliyopotea.

Programu yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Huduma kwa wateja naipa moja, nayo ni kwa ajili ya aliyesukuma barua yangu kutoka idara ya mauzo. Anayejifunza au anayetengeneza muziki kwa kujifurahisha anaweza kuitumia bila hofu kubwa. Kwa studio yenye kazi za kulipwa na tarehe za kukabidhi siipendekezi, na mimi mwenyewe sitanunua leseni ya pili hadi kile kitufe kitakapowekwa kwenye akaunti ya mteja.