Glock 19 Mpya: Maandalizi Kabla ya Risasi ya Kwanza
Glock 19, bastola ya Austria inayotumia risasi za milimita 9 na magazini ya risasi 15, huja katika sanduku lenye brashi ya mtutu na kitabu cha maelekezo ambacho ninamsihi kila mmiliki mpya akisome kwanza. Ili kuifungua kwa ajili ya usafi, ni lazima kifyatulio kivutwe, na hilo ndilo ninaloliona kuwa udhaifu wake mkubwa, kwani risasi iliyosahaulika ndani ingefyatuka. Kwa hiyo toa magazini, kisha vuta nyuma sehemu ya juu na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, huku mtutu ukielekea upande salama na risasi zote zikiwa mbali na meza. Grisi ya rangi ya shaba iliyopakwa kiwandani isifutwe, kwa kuwa mtengenezaji mwenyewe anashauri ibaki. Mtutu, hata hivyo, upitishwe kitambaa kikavu hadi mafuta yote yatoke. Baada ya hapo, matone machache ya mafuta kwenye reli, yaani njia ambazo sehemu ya juu huteleza juu yake, yanatosha, na uchache huo ni sifa ninayoithamini sana, hasa penye vumbi.