Mfano wa ubongo na ugwe mgongo kutoka Mwanjelwa: ubongo ni mzuri, mgongo una kosa kubwa

Mwezi Januari nilinunua kwa shilingi 140,000, katika duka moja la vifaa vya shule lililoko Mwanjelwa jijini Mbeya, mfano wa plastiki unaoonesha mfumo mkuu wa fahamu, yaani ubongo pamoja na ugwe mgongo, yaani kamba ya neva itokayo kwenye ubongo, uliolala ndani ya pingili za mifupa ya mgongo. Nimefundishia Baiolojia kidato cha tatu kwa mfano huo muhula mzima.

Upande wa ubongo nausifu bila kusita. Serebramu, sehemu kubwa ya juu ya ubongo, inafunguka katikati, na kila nusu imepakwa rangi zinazotofautisha sehemu ya mbele, ambako fikra na maamuzi hufanyika, na sehemu ya kisogoni inayopokea habari kutoka machoni, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuliamini kwa urahisi. Serebelamu, sehemu ndogo iliyo nyuma chini yake, inachomoka peke yake, nami nilipoishika niliwauliza ni nini kinachomwezesha mama wa Tukuyu kushuka mteremko wenye utelezi akiwa na mkungu wa ndizi kichwani asianguke. Tangu siku hiyo hakuna aliyesahau kwamba kazi yake ni kuratibu misuli na mizani ya mwili. Hata haipothalamasi, inayodhibiti joto la mwili na ambayo ni ndogo mno, imeoneshwa mahali pake, na katika baridi ya Juni darasa lote lilikuwa likitetemeka kwa amri yake. Medula, inayosimamia upumuaji na mapigo ya moyo hata tukiwa usingizini, imeungana vizuri na ugwe. Uzito tu ndio hauna uhalisia, kwa kuwa ubongo wa mtu mzima hukaribia kilo 1.4 na huu haufiki hata nusu yake.

Kasoro inaanzia chini ya shingo. Jozi 31 za neva zitokazo kwenye ugwe zimo zote, nimezihesabu, lakini mtengenezaji ameurefusha ugwe wenyewe hadi kwenye kifandugu. Kwa mtu mzima ugwe mgongo una urefu wa takribani sentimita 45, nao huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo huendelea fungu la neva tu, lililotawanyika kama mkia wa farasi na kuzungukwa na maji. Tando tatu zinazofunika ubongo na ugwe, na kuyahifadhi maji hayo, hazikuoneshwa kabisa.

Kosa hili si dogo. Ugonjwa tunaouita homa ya uti wa mgongo hushambulia tando hizo wala si mifupa, na ili kuuthibitisha daktari huchukua maji ya mgongo kwa sindano, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno au ya nne na ya tano, kwa sababu hapo ugwe umekwisha na neva zinaelea, hivyo husogea sindano inapopita. Nimewasikia wazazi wakikikataa kipimo hicho kwa hofu kwamba mtoto atapooza, ilhali kinaweza kuokoa maisha yake. Mwanafunzi anayeutazama mfano huu ataona sindano ikizama moja kwa moja kwenye ugwe, na atarudi nyumbani akiithibitisha hofu ileile kwa ushahidi wa darasani.

Muuzaji nilimweleza, naye alinisikiliza kwa heshima, ila hana mfano mwingine na bei hakuipunguza. Kwa mwalimu anayetaka kufundisha ubongo, bado ni ununuzi unaofaa. Wangu nimeufunga uzi mwekundu kwenye pingili ya pili ya kiuno, na kipande chote cha ugwe kilicho chini ya uzi huo nimekipaka rangi nyeupe, kisha nikakichora mistari myembamba ya neva kwa wino.