Kilo 26 Zimeondoka, Ngozi Imebaki: Tathmini ya Huduma za Kukaza Ngozi Arusha na Moshi

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo: kliniki ya ngozi iliyonihudumia Arusha, upande wa Njiro, ninaipa nyota nne kati ya tano, na sehemu kubwa ya alama hizo waliipata siku ya kwanza, pale daktari wao alipokataa kuchukua fedha yangu kwa ajili ya tumbo. Mikono na shingo wamenisaidia kwa kiasi. Saluni niliyoanzia, hapa hapa Moshi, siipi nyota hata moja. Majina ya wote nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa mashine huuzwa na madaktari huhama, na mtu anaweza kufuata jina akakuta mambo mengine kabisa.

Nina umri wa miaka 47, ni mama wa watoto watatu, na nina duka la vifaa vya ujenzi. Kwa karibu miaka ishirini uzito wangu haukuwahi kushuka chini ya kilo 100. Nilipoanza kuchoma sindano ya semaglutaidi mara moja kwa wiki chini ya usimamizi wa daktari, dawa ambayo wengi wanaijua kwa majina ya biashara ya Ozempic na Wegovy, nilikuwa na kilo 112. Baada ya miezi 17 mzani ulisoma 86. Katika utafiti mkubwa uliotangulia kuidhinishwa kwa Wegovy nchini Marekani mwaka 2021, watumiaji walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68, kwa hiyo mimi niliyepoteza asilimia 23 nimo kati ya waliopungua sana. Presha imeshuka na magoti yametulia. Kilichobaki ni ngozi: chini ya kitovu inaning'inia kama mfuko uliomwagwa unga, mikono ya juu inapepea ninaposhusha bidhaa rafuni, na mashavu yameingia ndani kiasi kwamba katika kikao cha ukoo huko Marangu shangazi yangu alinivuta pembeni na kuniuliza, kwa sauti ya chini na kwa upendo wote, kama nimeshapima.

Nilianza na krimu, na juu ya krimu sina maneno mengi. Hulainisha ngozi ya juu na kupunguza ukavu, lakini hakuna krimu inayofika kwenye tabaka lililolegea. Ninayeandika haya nimetumia makopo manne.

Kisha nikaenda saluni. Walikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti, ile ambayo hukusanya nguvu ya sauti katika nukta moja chini ya ngozi ili kuipasha joto bila kuichana juu, na walikuwa na kifurushi cha vikao kumi kwa shilingi 900,000, kilipwe chote mwanzoni. Nilihakikishiwa kwamba tumbo, mikono na uso vyote vingekazwa kwa kichwa kimoja cha mashine. Sasa ninajua kwamba vichwa hivyo hutengenezwa kwa vina tofauti, kwa kawaida milimita 1.5, 3 na 4.5, na kwamba kichwa cha kina kirefu kikipitishwa mahali ambapo ngozi ni nyembamba kinaweza kuunguza, au usoni kikapunguza hata yale mafuta machache yaliyosalia na kumwacha mtu amechoka zaidi kuliko alivyokwenda. Wakati huo sikujua, na binti aliyeishika mashine hakuniuliza swali lolote kuhusu afya yangu wala dawa ninazotumia. Kikao cha pili kiliniacha na mistari miwili ya kuungua ndani ya mkono wa kushoto, ambayo ilipopona iligeuka alama nyeusi zilizokaa miezi mitano.

Hata hivyo kilichonitoa saluni hapo ni kipimo. Baada ya kikao cha tatu binti alinipima mkono kwa futikamba na kutangaza kwamba umepungua sentimita tatu. Mimi ninauza futikamba. Niliona wazi kwamba mara ya kwanza alipima karibu na kwapa na mara ya pili akashuka vidole vinne kuelekea kwenye kiwiko, mahali ambapo mkono wa mtu yeyote ni mwembamba zaidi. Nilipomwomba arudie pale pale alipoanzia, sentimita zote tatu zilirudi. Fedha za vikao saba vilivyobaki hazikurudi.

Kliniki ya Njiro niliipata kwa kuelekezwa na mteja wangu ambaye ni muuguzi. Ada ya kumwona daktari ilikuwa shilingi 50,000, na kwa fedha hiyo nilipata dakika arobaini ambazo ningezilipia tena. Alinipima uzito, akauliza ulivyokwenda katika miezi sita iliyopita, akauliza kama nina kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini, kama nina ujauzito, na kama makovu yangu huota na kuvimba, jambo ambalo kwa watu wenye ngozi nyeusi si dogo. Kisha akashika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia, na kunionyesha inavyochelewa kurudi.

Maelezo yake niliyaelewa kwa sababu aliyatoa polepole. Ngozi inashikiliwa na nyuzi za aina mbili: kolajeni inayoipa uimara, na elastini inayoifanya ivutike na kurudi. Kolajeni mwili unaendelea kuitengeneza, ingawa kwa kasi inayopungua kadiri umri unavyosonga. Elastini huundwa kwa wingi utotoni, na ikishakatika ukubwani hutengenezwa upya kwa shida sana. Aliyebeba uzito mkubwa kwa miaka ishirini, akazaa, akapigwa na jua, amekwisha kuzichosha nyuzi hizo kabla hata hajachoma sindano ya kwanza. Nilimuuliza kama dawa ndiyo iliyoniharibia ngozi, maana mjini ndivyo inavyosemwa. Akajibu kwamba aliyepungua kilo 26 kwa kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula au kwa kufunga kula angekabiliwa na ngozi ile ile. Kinachohesabika ni wingi wa kilo, urefu wa miaka zilizokaa, umri, na kurithi.

Halafu akaniambia kuhusu tumbo. Mashine yoyote ya joto, alisema, inafaa ngozi iliyolegea kidogo au kwa wastani. Ngozi iliyokunjana na kulala juu ya paja haina mashine, na kliniki inayokuuzia vikao kwa ajili yake inakuuzia matumaini. Nilikuwa nimekuja na fedha za SACCOS mkobani, tayari kulipa. Nimekaa dukani miaka kumi na nane, na ninajua ni nadra kiasi gani muuzaji kumwambia mteja aliyeshika fedha kwamba bidhaa hii haimfai.

Kwa mikono na shingo alinipendekezea mawimbi ya redio, vikao sita, kimoja kila baada ya wiki tatu, kwa shilingi 180,000 kila kikao na malipo kikao kwa kikao. Mtoa huduma hupaka jeli, kisha huzungusha kichwa cha mashine juu ya ngozi mpaka joto la juu ya ngozi lifike kati ya nyuzi 40 na 42 za Selsiasi, na hulishikilia hapo kwa dakika kadhaa huku kipimajoto kikisomeka kwenye kioo. Unahisi kama jiwe lililoanikwa juani linakutembelea mkononi. Halichomi, lakini husinzii. Joto hilo huzikunja nyuzi za kolajeni zilizopo na kuuamsha mwili utengeneze mpya, kazi ambayo huendelea kimyakimya kwa miezi mitatu hadi sita, na ndiyo maana anayetarajia kutoka amekazika jioni ile ile atasikitika. Faida nyingine kwa watu wa rangi yetu ni kwamba mawimbi ya redio hayachagui rangi ya ngozi, tofauti na aina nyingi za leza ambazo mwanga wake hunaswa na rangi yenyewe na kuweza kuacha mabaka.

Matokeo ni haya. Mkono wa kulia, uliopimwa kila mara sentimita kumi juu ya ncha ya kiwiko, mahali palipoandikwa kwenye faili, ulikuwa na mzingo wa sentimita 36, na miezi mitatu baada ya kikao cha mwisho una 34.5. Shingo imeboreka zaidi ya mikono. Mkunjo wa chini ya kidevu haupo kwenye picha. Mikono bado inapepea, ila inapepea kidogo, na gauni la mikono mifupi ninavaa bila kujitanda mtandio. Kwa shilingi 1,080,000 ninaona nilipata nilichoahidiwa, wala si zaidi ya hapo.

Nyota ya tano waliipoteza kwa mambo mawili. La kwanza ni muda: mara tatu nilipanda kosta ya alfajiri kutoka Moshi, nikapita Boma Ng'ombe na Usa River kwa mwendo wa kobe, nikafika saa tatu kamili kama nilivyopangiwa, na kuitwa saa tano na nusu. La pili ni uso. Dada wa mapokezi, ambaye si daktari, alinishauri mbele ya wagonjwa wengine nijaze mashavu kwa sindano, na bei alikuwa nayo mdomoni. Daktari nilipomweleza alikiri kwamba sindano hizo zipo, za asidi ya hailuroniki inayojaza papo hapo, na za kuchochea kolajeni ambazo huchukua miezi, lakini akanishauri nisubiri mpaka uzito utulie, kwani uso nao bado unabadilika. Ushauri huo ulipaswa kuanza kwake, ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Kuhusu tumbo nilirudi nyumbani Moshi na kumwona daktari bingwa wa upasuaji. Wenye shida ya ngozi katika mji huu hatuna sababu ya kuanzia saluni, maana kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu mwaka 1992. Mimi nilikipita kwa gari mara ngapi nikienda kuunguzwa. Daktari alinieleza kwamba kuna upasuaji unaoondoa tu ngozi inayoning'inia, na kuna ule mkubwa zaidi unaokaza pia misuli ya tumbo iliyoachana kwa uzazi na kukihamisha kitovu mahali pake. Kwa vyovyote kovu hukatiza kutoka nyonga hadi nyonga. Hatari hakuzificha: maji kujikusanya chini ya ngozi, kidonda kuchelewa kufunga, damu kuganda miguuni, na kovu kuvimba. Baada ya hapo ni kuvaa vazi la kubana kwa wiki kadhaa na kutoinua kitu kizito kwa takribani wiki sita, ambalo kwa mwenye duka la saruji na nondo ni kufunga biashara. Gharama niliyotajiwa ingenunua ng'ombe watatu wazuri wa maziwa, na bima niliyo nayo hailipii urembo. Aliuliza pia kuhusu fangasi na michubuko chini ya mkunjo, ambayo joto la Moshi hunipatia kila Januari, na akaiandika kwenye faili, kwa sababu ngozi inayougua mara kwa mara ni hoja ya tiba, si ya urembo.

Masharti yake yalikuwa matatu. Uzito utulie kwa angalau miezi sita. Nile protini ya kutosha, kwa kuwa semaglutaidi huua hamu ya kula, na mwenye damu pungufu na mwili usio na akiba haponi vizuri. Nikahama kutoka mtori wa kila siku hadi mayai, maharage, dagaa na maziwa, na nikaanza kunyanyua vyuma vyepesi, maana msuli ukirudi unaijaza ngozi kidogo kutoka ndani. La tatu ni kwamba mtaalamu wa nusukaputi ajulishwe kuhusu sindano mapema. Dawa hii huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo mtu aliyefunga tangu usiku anaweza bado kuwa na chakula tumboni kikapanda na kuingia mapafuni akiwa amelala. Mwezi Juni 2023 chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani kilishauri kwamba anayechoma kila wiki aache wiki moja kabla ya upasuaji. Mwongozo wa mwaka 2024 ulilegeza, ukasema wengi wanaweza kuendelea ilimradi kila mgonjwa apimwe hatari yake, na wenye hatari zaidi wanywe vyakula vya majimaji pekee saa 24 kabla. Mtaalamu wangu wa nusukaputi anataka kunihoji mwenyewe.

Mpaka sasa uzito umetulia kwa miezi minne. Njiro wananitarajia mara moja zaidi, miezi sita baada ya kikao cha mwisho, kwa ajili ya kupima mkono pale pale kwenye sentimita kumi, na kipimo hicho hawatozi. Nimeomba miadi ya saa tano.