TAHADHARI: Waya wa "kopa ya boti" (kopa ni shaba) na betri zenye stika mpya. Wenye boti kuukuu, msilipe kabla ya kukwaruza na kupima

Ndugu zangu wenye boti za matanga, manahodha na mafundi wa umeme kuanzia Shimoni hadi Lamu, na jirani zetu wa Tanga na Unguja: kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya wavuvi na ya watu wa boti za utalii akiuza waya, betri na vifaa vya usalama. Vitu vyake si vile anavyosema. Waya wake unaweza kuchoma chombo, na kifaa kimoja anachouza kinaweza kukuacha baharini ukingoja msaada ambao hakuna mtu aliyeusikia ukiuita. Kama umeshatuma malipo ya awali, usitume yaliyobaki kabla ya kusoma haya.

Sitaji jina la ukurasa wake kwa sababu halidumu. Jina hubadilika, namba ya kulipia hubadilika, picha ya mwenye duka hubadilika. Maneno ndiyo yale yale: karakana ya boti inafungwa, mzigo ni wa Dubai, bei ni nusu ya madukani, wateja ni wengi kwa hiyo tuma nusu sasa hivi uwekewe, mzigo utaupata kwa basi. Picha anazoweka ni za bidhaa halali, amezichukua kwa wauzaji wengine. Ukimwomba akupigie picha ya spuli ileile ikiwa juu ya mizani, au ncha ya waya iliyokatwa, hutaipata. Atakwambia stoo imefungwa, atakwambia kijana wake ametoka, na mwisho atakuuliza kama kweli una nia ya kununua.

Mteja wangu mmoja ana boti ya faiba ya mlingoti mmoja, iliyoundwa miaka ya 1970. Waya zake za zamani zilikuwa zimechoka: kopa tupu isiyopakwa bati, imeingia weusi hadi ndani ya mpira, kama ilivyo kwa boti nyingi za umri ule. Akaamua kubadilisha zote, na ulikuwa uamuzi mzuri. Akaagiza kwa muuzaji huyu spuli za waya wa 2.5 na wa 10 (unene kwa milimita za mraba), "kopa safi iliyopakwa bati, ya baharini." Fundi aliyezifunga alifanya kazi ya heshima, waya zimepangwa, kila moja na fyuzi yake. Kwa hiyo lawama zisimwendee fundi.

Kusi ilipokolea walikuwa wakitoka Kilifi kwenda Mtwapa, upepo uko usoni. Maji yakaanza kuingia penye shafti ya propela. Kwa boti kuukuu hilo si geni, unawasha pampu ya ngama, ile ya kutoa maji chini ya chombo, na safari inaendelea. Safari hii pampu ilizunguka kwa unyonge, ikatoa maji machache kuliko yale yaliyokuwa yakiingia. Taa za njia zikafifia. Halafu harufu ya plastiki inayoungua ikatokea nyuma ya ubao wa swichi. Wakazima swichi kuu ya betri, wakafua maji kwa ndoo gizani hadi wakaingia mlangoni Mtwapa. Ndani ya boti alikuwemo mtoto wa shule ya msingi.

Nilipoitwa kuifungua, betri ilisoma volti 12.5. Nikawasha pampu, nikapima penye pampu yenyewe: 9.8. Karibu volti tatu zimepotea njiani. Nyuma ya ubao, kila ncha ya waya ilikuwa na unga mweupe. Skrubu ambazo fundi alizikaza zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Mpira wa waya wa chanya ulikuwa umelainika na kuwa mweusi pale ulipokutana na lagi, kile kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya. Nikakata kipande, nikachukua uzi mmoja na kuukwaruza kwa kisu. Juu ni weupe wa bati. Chini yake utando mwekundu, mwembamba kama ganda la kitunguu. Chini ya utando huo, weupe tena hadi katikati. Ni aluminiamu iliyovishwa kopa, kisha ikapakwa bati ili ifanane na waya halisi wa boti.

Hapo ndipo wengi wananaswa, kwa hiyo nieleze kidogo. Waya mzuri wa boti ni mweupe kwa nje, kwa sababu kila uzi wa kopa umepakwa bati ili chumvi isiule. Mtu akiuona mweupe anajua ndio wenyewe. Mwenye shaka akiukwaruza kidogo anauona wekundu na moyo unatulia. Muuzaji huyu anafahamu hivyo, na mwenyewe huwaambia watu "kwaruza uone." Lazima ukwaruze kwa nguvu upite ule wekundu, au uukate waya mshazari na kuupiga tupa kisha uutazame juani. Kopa halisi ni nyekundu hadi kiini.

Aluminiamu iliyovishwa kopa hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya kopa yenye unene uleule. Chukua pampu inayokula ampea 5, iko mita 10 kutoka kwenye betri, yaani mita 20 za waya kwenda na kurudi. Kwa waya wa 2.5 wa kopa utapoteza kama volti 0.7. Kwa huu wa bandia utapoteza 1.1, na hiyo ni siku ya kwanza, kabla chumvi haijaanza kula. Kwenye boti, taa za njia na pampu ya ngama hazitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 3, ambayo kwa mfumo wa volti 12 ni chini ya 0.4. Kwa umbali huo hata kopa ya 2.5 ni nyembamba, ningefunga ya 6. Sasa ona mtu aliyefunga nyembamba na bado si kopa.

Nyumbani watu huuziwa waya wa namna hii na taa zinawaka. Kwenye boti mambo ni mengine. Kifaa cha wati 1200 kikiwa kwenye stima ya volti 240 kinavuta ampea 5. Kikipitia inverta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, kwenye betri ya volti 12 kazi ileile inavuta 100. Ampea ndizo zinazotia joto waya. Kisha kuna chumvi: pale waya ulipokatwa na kubanwa kwenye lagi, kopa na aluminiamu zinagusana penye unyevu wa bahari, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe ndio mabaki yake, nao haupitishi umeme. Tena aluminiamu husinyaa chini ya skrubu, ndiyo maana niliikuta imelegea. Penye ulegevu panakuwa na joto, joto linazidisha ulegevu, hadi mpira unaanza kuyeyuka nyuma ya ubao mahali usipoona.

Kukagua si kazi ngumu wala hakuhitaji kifaa cha gharama. Njia ninayoiamini zaidi ni mizani. Mita 10 za waya wa 10 zina takriban gramu 900 za kopa peke yake, bila mpira. Ukipima na mpira wake na bado hazifiki gramu 900, usinunue: ama ni aluminiamu, ama unene wake si ule ulioandikwa. Njia ya pili ni moto. Toa uzi mmoja mwembamba, uuweke kwenye ncha ya moto wa kiberiti cha gesi. Kopa inageuka nyekundu na kubaki na umbo lake, kwani huyeyuka penye nyuzi 1085. Aluminiamu huyeyuka penye 660, kwa hiyo uzi unajikunja, unalegea na kukatika. Maandishi kwenye mpira yasikutulize. Waya halisi wa boti huandikwa UL 1426, alama ya kiwango cha waya wa boti, lakini hata ule niliokata ulikuwa na maandishi hayo.

Betri zake nazo. Mteja huyo huyo alinunua mbili, zimeandikwa AGM (aina ya betri ya risasi iliyofungwa), 200 Ah (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi). Tulizipeleka bandani kwa wavuvi tukazipima kwenye mizani ya samaki. Kila moja kilo 31. Betri ya risasi ya 200 Ah haishuki chini ya kilo 50 na kitu, nyingi zinakaribia 60. Kilo 31 ni uzito wa betri ya 100 au kidogo zaidi. Pembe moja ya stika ilikuwa inaachia. Nilipoivuta, chini yake palikuwa na gundi ya stika nyingine, na mahali pa tarehe ya kiwandani pamesuguliwa kwa msasa. Zilikuwa betri za kuwashia injini ya lori, zilizokwisha kutumika. Betri ya namna hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiitumia usiku kucha kwa taa, redio na friji, haimalizi msimu. Anayeuza akisema ni ya lithiamu, hapo uzito mdogo ni wa kawaida, kama kilo 11 hadi 13 kwa 100 Ah, kwa hiyo usichanganye.

Kabla ya kulipa, iache betri ipumzike saa kadhaa bila chaja wala mzigo. Ya risasi iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7. Kisha iwekee mzigo wa ampea 10 kwa saa tano, utoe mzigo, uiache ipumzike tena. Ya 200 Ah itakuwa imetumia robo tu. Ikisoma 12.0 au chini ya hapo, hiyo si 200. Muuzaji wa kweli ataelewa ukiomba jambo hili.

Kuhusu paneli zake za jua sina mengi. Jua kali la adhuhuri huleta kama wati 1000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hunasa kama asilimia 20 au kidogo zaidi. Paneli ya nusu mita ya mraba iliyoandikwa wati 300 haiwezekani. Sheki na pini anazoziita chuma cha 316 (kisichoota kutu upesi), beba sumaku: ikinasa kwa nguvu, rudisha. Isiponasa bado hujathibitisha kuwa ni 316, kwa sababu 304 nayo mara nyingi hainasi, na 304 huota kutu mapema baharini. Kwa kamba za chuma zinazoshika mlingoti nawasihi mnunue mahali penye karatasi za kiwandani.

Sasa lile lililonitisha kuliko yote. Anauza EPIRB, lile boya la redio la kuita msaada, kwa bei ambayo mvuvi anaweza kuimudu. Niliyoishika mkononi inatuma kwa 121.5 MHz peke yake. Satelaiti za uokoaji za Cospas-Sarsat ziliacha kusikiliza 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Tangu siku hiyo zinasikia 406 MHz tu. Boya lile linawasha taa, linalia, na mwenye kulishika ataamini anasikika, kumbe satelaiti hazimsikii. Hata ukipata la 406 lililotumika, angalia tarehe ya betri yake, na hakikisha limesajiliwa upya kwa chombo chako. Kama limewekewa namba ya redio ya chombo (MMSI), namba ya Kenya huanza na 634, za Tanzania huanza na 674 au 677. Likibaki na usajili wa nchi nyingine, taarifa ya kwanza itakwenda huko, kwa mtu asiyejua uko wapi. Fataki zake za dharura pia zikagueni: tarehe za mwisho wa matumizi zimepigwa muhuri juu ya tarehe nyingine.

Tulimwandikia. Mteja wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alimwandikia kwa adabu: "Mwanangu, waya huu si kopa, naomba nirudishie pesa zangu uchukue mzigo wako." Akajibu: "Mzee, fundi wako hajui kazi, hiyo ni bati ya baharini." Tukamtumia picha ya uzi uliokatwa. Akatufungia. Kesho yake tangazo lilikuwa hewani kwa jina jingine, picha zilezile.

Ukiwa umeshafunga waya wake, usisubiri dalili. Zima swichi kuu unapoondoka kwenye chombo. Hakikisha fyuzi kuu iko karibu na betri, ndani ya sentimita 18 hivi. Anza kubadilisha na waya za pampu ya ngama, kisha inverta na chaja, kisha taa za njia. Za taa za ndani zitafuata. Usijaribu kuokoa waya kwa kukata ncha zilizoharibika na kubana upya. Kuliwa kutaanza tena palepale ulipokata.

Waya ulioutoa usiutupe wala usiuze kwa chuma chakavu. Weka kipande cha mita moja chenye maandishi, ujumbe mliobadilishana, ujumbe wa malipo na risiti ya basi. Kwa hapa Kenya, andikisha polisi upate namba ya OB (kitabu cha matukio), na upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanasikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, na wakili si lazima. Mteja wangu amekwisha andikisha. Aliyeuziwa na mtu huyu aniandikie inboksi na picha ya ncha ya waya na tarehe ya malipo, bila kuanika namba yake ya simu hapa hadharani, ili tupeleke malalamiko yetu pamoja.